Kigingi cha Kwanza

Ndugu zangu, mwekeni mbele ya macho yenu mjane mmoja mwenye shamba la mahindi na mwana wa pekee. Jirani yake alikuwa akiumega mpaka kwa jembe kila msimu, kidogo kidogo, hata mjane asijue tena chake kinaishia wapi. Alilalamika barazani, hakusikilizwa. Basi akamtuma mwanawe katika chuo cha wananchi kilichokuwa ng'ambo ya mto, akasomee upimaji wa ardhi, ili haki iliyomkataa barazani imjie kwa mkono wa damu yake.

Kijana akasoma. Na katika masomo yake limo jambo moja ninalowaomba mlishike: mpimaji huanzia kwenye kigingi kimoja, hulizunguka shamba pembe kwa pembe, kisha hurudi palepale alipoanzia. Hesabu zikikutana, kazi ni ya kweli. Zisipokutana, amekosea njiani.

Zoezi lake la mwisho, lile la kumpatia cheti, aliomba alifanyie nyumbani. Mwalimu akamwazima chombo cha kupimia pamoja na kamba yake. Jirani naye, kwa kuona haya mbele ya watu, akaahidi kuupokea mpaka utakaopatikana. Asubuhi kijana akapigilia kigingi chake cha kwanza kwenye pembe iliyo kando ya barabara, pembe ambayo hata jirani hakuibishia. Jirani na watu waliokuja kushuhudia wakamfuata kuteremka bondeni. Mama alibaki jikoni, maana wageni watakula nini?

Waliporudi, hesabu hazikukutana. Zilipishana kwa hatua nzima.

Jirani akatikisa kichwa, akasema kwa upole unaochoma, "Mwanangu, mbuzi wangu hutoka asubuhi akarudi zizini bila kusoma. Wewe umesoma muda wote huo, na hujui kurudi ulikoanzia?"

Watu wakacheka. Kijana akaishuku kamba, akakishuku chombo, akayashuku macho yake mwenyewe. Kigingi hakukishuku. Nani angekishuku, naye amekipigilia kwa mkono wake, mbele ya nyumba aliyozaliwa? Wageni wakala, wakaaga, wakaondoka na kicheko chao. Jioni mama akampakulia maharage.

"Mama," akasema, "mimi sijui kitu."

"Kula, mwanangu."

Kesho yake alikirudisha chombo. Mwalimu akamwambia kwamba kila mpimaji hukosea, arudi akapime upya. Kijana akajibu, "Nimekosea kwetu, mwalimu, kwenye shamba nililojifunzia kutambaa. Nitapima la nani?" Akatoka, hakurudi tena. Leo anapakia magunia kwenye mashine ya kusaga, na jembe la jirani halijalala.

Sasa sikieni asilolijua.

Walipozama bondeni, mama yule alitoka jikoni, akaking'oa kigingi, akakisogeza hatua moja upande wa jirani. Shimo la kwanza akalifukia kwa kisigino. Hakuwa na tamaa, ndugu zangu. Alikuwa na hofu. Aliona haki imechelewa mno, akahofu kwamba hata ikija itakuja pungufu, akaisaidia. Laiti angeiacha, hesabu za mwanawe zingekutana, na kila kilichomegwa kingemrudia. Na wageni walipokwisha kuondoka, alikivuta kigingi kile, akakisukuma chini ya chungu. Moto wake ndio uliopasha maharage aliyompakulia mwanawe. Mwana alipotamka, "Sijui kitu," mama alikuwa na neno moja la kumponya. Lakini neno hilo lingemvua nguo mbele ya jirani, naye akalimeza, akasema, "Kula."

Mnamlaani? Ngojeni kwanza. Sisi tuliowafundisha watoto wetu kusema kweli, kisha tukawatolea ushahidi wa uongo ili wapate urithi, tumefanya nini? Sisi tuliowaombea nafasi kwa mlango wa nyuma, wakaingia wasikotosha, tukawatazama wakijidharau, tumefanya nini? Tumesogeza kigingi, tena kwa mapenzi. Wanalizunguka shamba la maisha kwa uaminifu, wanarudi, hesabu hazikutani, wanajiita wajinga. Nasi tunaojua tunawapakulia chakula.

Ningependa kuwaambia kwamba mama yule alisema hatimaye. Ningependa kuwaambia kwamba alikwenda kwenye mashine ya kusaga, akamshika mwanawe mkono wenye vumbi la unga, akamwonyesha lile shimo. Hakusema. Shimo limekwisha kuota majani, na kila jioni kijana anarudi amechoka, ananawa, anaketi, na mama anafunua chungu.

Nawe unakwenda nyumbani sasa. Nani atakuwa ameketi akikungoja umpakulie?