Shairi la Mponda Kokoto

Vuta hilo tofali ukae, unisikilize. Usisikilize umesimama, maana aliyesimama sikio moja liko hapa na lingine liko anakokwenda, na hii habari inataka yote mawili.

Mama mmoja alikuwa na watoto wawili wa kiume, na nguvu ya kusomesha mmoja. Mkubwa anaitwa Shija, mdogo Kashinje. Baba yao alipofariki, Shija alikuwa ameshafika kidato cha tano, Kashinje bado yuko cha pili. Mama hakuita kikao. Walikuwa wanakula, mama anawaangalia tu, yeye mwenyewe hali. Kashinje akaweka tonge chini, akasema, "Kaka aendelee. Mi mikono yangu mizima." Kesho yake akaenda kwenye machimbo ya mawe, akapewa nyundo, na shule yake ikaishia hapo.

Sasa elewa vizuri walivyokaa hawa watu. Shule ya Shija ni ya bweni, iko mbali, na ilikuwa inajenga madarasa mapya. Kokoto zilikuwa zinatoka machimbo yale yale. Kila baada ya wiki mbili lori linakuja na mzigo alioponda Kashinje na wenzake, linaumwaga mbele ya dirisha analokaa Shija anasoma. Yaani mmoja anakalia dawati, mwingine anaponda sakafu ya kuliweka. Mi sisemi kitu hapo. Nakuonyesha tu.

Simu shuleni marufuku, ila dereva wa lori alikuwa mtu na utu wake, anabeba karatasi. Na Kashinje bwana alikuwa anapenda mashairi. Alipoacha shule hakulilia hesabu, hakulilia jiografia, alililia kipindi cha fasihi. Kwa hiyo Shija akawa anamnakilia mashairi wanayosoma darasani, haya ya siku hizi yasiyo na vina, mistari mifupi mifupi kama mtu anayehema. Anaandika chini, "Soma, uniambie umelionaje." Kashinje anasoma mchana, amekalia rundo la kokoto, mkono mmoja muhogo, mwingine karatasi. Anajibu, lori linarudisha.

Majibu yake sasa. Kuna shairi lilikuwa la mvua. Darasani mvua ile ni mabadiliko, darasa zima limeandika mabadiliko, hata aliyekuwa amelala aliamka akaandika mabadiliko. Kashinje yeye akaandika: "Kaka, hili limenikumbusha bati letu linavyovujia kitanda cha mama. Nimecheka, halafu nikanyamaza. Huyu mshairi naona na yeye amewahi kuhamisha kitanda." Shija akachukua kalamu nyekundu. Umetoka nje ya swali. Nne kwa kumi. Barua yenyewe anaitia sandukuni, maoni anayanakili kwenye karatasi ya kurudi na lori. Likaja lingine, la mwanamke anayesubiri basi stendi toka asubuhi. Darasani mwanamke yule ni Afrika. Kashinje akaandika: "Huyu mama amechoka kusimama. Pale stendi hakuna hata mmoja aliyempisha akae?" Tatu kwa kumi.

Hakuwa anakasirika. Alama zake alikuwa anazisoma kwa sauti pale machimboni, wenzake wanakufa kwa kucheka.

"Profesa, leo ngapi?"

"Tatu."

"Mwezi uliopita si ulipata nne? Kaza hivyo hivyo, sifuri utaifikia na heshima zako."

Na Shija hakuwa mtu mbaya, usije ukamchukia mapema. Alikuwa anaamini anamsaidia mdogo wake. Ndivyo alivyofundishwa na yeye, kwamba shairi ni kufuli na mwalimu ana ufunguo, na mtu asiye na ufunguo akisema anachokiona kupitia tundu, huyo anabahatisha.

Siku moja dereva akaleta karatasi ambayo haikuwa jibu. Ilikuwa hivi:

Mlima hauishi.
Naupunguza kwa nyundo,
nao unanipunguza kwa vumbi.
Jicho la kushoto limetangulia kulala,
la pili linakesha peke yake,
linauliza:
mwenzangu anaamka lini?

Chini yake Kashinje ameandika, "Kaka, hili si la kitabuni. Nimelitoa mwenyewe. Usinisahihishe safari hii, niambie tu umejisikiaje."

Shija alilisoma amesimama. Na kitu kilimshika, nakuambia ukweli, kilimshika hapa chini ya koo. Lakini kitu cha namna hiyo hakina alama kwenye mtihani. Akakiacha kipite. Akakaa, akachora mstari pembeni ya karatasi, akaanza kazi. Mlima ni mfumo. Nyundo ni wananchi. Vumbi ni umaskini. Jicho la kushoto ni viongozi waliolala, na la pili ni vijana wanaokesha kulinda nchi. Akaandika chini: "Limekomaa sana, mdogo wangu. Jazanda nzito. Tisa kwa kumi. Moja nimekata kwa mwandiko, zingatia mstari." Akayanakili hayo kwenye karatasi nyingine, akampa dereva. Alifurahi siku hiyo kuliko siku aliyopata tisa yeye mwenyewe.

Lori lililofuata lilileta kokoto peke yake.

Shija hakushtuka, maana wiki hizo shule nzima ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya kuhakiki mashairi. Kila mwanafunzi anachagua shairi la kisasa, analisoma mbele za watu, analieleza. Mshindi anakwenda kuwakilisha shule kwenye mashindano ya kanda nzima, na huko walimu wa vyuo wanakuja kuangalia vipaji. Shija akalichukua la mdogo wake. Alipoulizwa mshairi nani, akasema kijana mmoja asiyejulikana.

Ukumbi wao ndo bwalo la chakula. Mwalimu Rweyongeza wa fasihi amekaa mbele, wanafunzi wamejaa mpaka madirishani, na kule nyuma, kwenye dirisha la kugawia chakula, Mama Kabula mpishi anachambua maharage. Shija akasoma. Akaeleza. Mlima, nyundo, vumbi. Alipofika kwenye jicho watu walipiga meza. Mwalimu Rweyongeza alisimama kabisa, akasema miaka kumi na minne anafundisha hajaona jicho limefunguliwa namna ile. Halafu kwa furaha yake akauliza, kama mtu anayefunga mkutano, "Kuna mwenye swali?"

"Mi ninalo, mwalimu." Ni Mama Kabula, kwenye dirisha. "Huyo mtoto, hilo jicho lake amepelekwa hospitali?"

Bwalo likaanguka kwa kicheko. Kuna mmoja akapiga kelele, "Mama Kabula, maharage yanaungua!" Mwingine, "Mama, hiyo ni jazanda!"

"Jazanda ndo ugonjwa gani?"

Wakacheka tena mpaka wengine wakalala mezani. Mwalimu akawanyamazisha. Alikuwa mstaarabu, akamweleza taratibu kwamba mshairi anatumia picha, kwamba jicho pale linasimama badala ya kitu kingine, hakuna jicho lenyewe. Mama Kabula akamsikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani.

"Haya, nisameheni," akasema. "Mi nilidhani kuna mtu."

Akarudi kwenye maharage yake. Bwalo likaendelea, jina la mshindi likatajwa, likawa Shija, akabebwa juu juu. Lakini huko juu alikobebwa hakuwa anasikia kelele. Walipomshusha akaenda bwenini, akafungua sanduku, akatoa barua zote za Kashinje akazipanga kitandani kwa mfuatano. Za mwanzo herufi zimekaa kwenye mstari kama ndege kwenye waya. Halafu zinaanza kushuka. Halafu zinapandana. Za mwisho mstari uko huku na maneno yako kule, mtu anaandika kama anapapasa ukuta kutafuta mlango. Na pembeni ya kila moja, kwa wino mwekundu, mkono wake mwenyewe: mwandiko mbaya, zingatia mstari, mwandiko mbaya.

Akatoka mbio. Lori lilikuwa limeshamwaga, linawaka, dereva yuko kwenye usukani. Shija akakanyaga tairi, akashika ubao. Mwalimu Rweyongeza akatokea barazani, uso wote meno. "Shija! Unakwenda wapi? Gari la kanda linatoka kesho alfajiri. Shati lako nimekupigia pasi mwenyewe!"

Mguu mmoja uko juu ya tairi, mwingine uko chini. Akajiambia, siku tatu tu. Akajiambia, labda kweli ni picha, mi ndo nimesoma, yule mama hajasoma. Akajiambia, nikishinda nitakuwa na uwezo wa kumsaidia vizuri zaidi. Yote matatu yana akili. Akamuuliza dereva, "Kashinje mzima?" Dereva akasema, "Siku hizi simuoni machimboni," na alitaka kusema zaidi, lakini nyuma kuna lori lingine linampigia honi. Shija akashuka kwenye tairi.

Huko kanda alishinda. Akapewa cheti.

Alifika nyumbani siku ya tano. Kashinje amekaa mlangoni, kitambaa kimefungwa upande wa kushoto. Aliposikia hatua alizungusha kichwa chote, kama kuku anapotaka kukuona, halafu akatabasamu. "Kaka! Mbona katikati ya muhula? Umefukuzwa?"

Mama akatoka ndani. Hakumsalimia mwanawe. Alisema tu, "Mi nilitaka nimtume mtu aje akuite, akanikataza. Alisema ameshakuandikia. Alisema subiri, kaka akisoma atakuja."

Kipande cha jiwe, kidogo kuliko punje ya ulezi. Kilikuwa kimeingia siku nyingi, wakawa wanaosha kwa maji ya chumvi. Hospitali ya mkoa daktari akasema la pili tutalilinda, hilo la kwanza limeshakwenda. Hakusema wangewahi lini ndo lingepona, na Shija hakumuuliza. Kuna maswali mtu anaogopa yasije yakawa na jibu.

Wakiwa wamekaa kwenye benchi la hospitali, Shija akamwambia yote. Alimwambia amelisoma shairi lake mbele za watu, kwamba hakumtaja jina, kwamba ameshinda nalo. Akamweleza alivyolifafanua, mlima ni mfumo, jicho ni viongozi, na sauti yake ilikuwa inapungua kila neno. Kashinje alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akacheka, kicheko cha kweli, mpaka muuguzi akageuka.

"Kumbe nilisema yote hayo? Aisee, nina akili." Akajifuta machozi, jicho zima na lile lingine, yote yalikuwa bado yanajua kutoa machozi. "Mi nilikuwa nasema jicho linauma, kaka. Ila niliona aibu kulisema hivi hivi. Ningelisema hivi hivi ungeacha shule."

Shija akavuta begi lake mapajani. Cheti kilikuwa kwenye begi, hakukitoa, na mpaka leo hakuna ukuta kilikotundikwa.

Usije ukaniambia basi mashairi yote ni barua za wagonjwa. Sijasema hivyo. Kuna mvua ambayo kweli ni mabadiliko, na mwanamke wa stendi inawezekana kabisa ni Afrika. Lakini hata Afrika ikisimama toka asubuhi inachoka miguu. Anayejua maana yake na asimpishe kiti, huyo amejua nini?

Kashinje hakuacha kuandika. Mwandiko umezidi kuwa mbaya, anaandika ameinamia karatasi mpaka pua inaigusa. Majuzi Shija amerudi likizo, na Kashinje akatoa karatasi mfukoni. Safari hii hakumpa dereva, alimpa kaka yake mkono kwa mkono, wamekaa wawili kwenye mkeka, mama yuko jikoni. Mistari minne tu. Shija ameisoma mara moja. Ameisoma tena. Humo kuna nyumba, kuna moshi, kuna mtu anayeitwa jina lake haitiki. Kichwani majibu yameshajipanga yenyewe, nyumba ni nini, moshi ni nini, maana kichwa kikishasomeshwa hakingoji ruhusa. Na hapa chini ya koo kuna kile kitu kimemshika tena.

Kashinje amegeuza kichwa chote, anamtazama, anangoja.

Wewe uliyekaa, ungekuwa Shija, ungefungua mdomo umwambie nini?