Kwa Nini Maji ya Kwamrindi Huanzia Shamba la Mwisho

Kabla sijasimulia, nitubu kwanza, maana Mungu anajua na marehemu Mzee Kiondo alijua. Mwaka ule wa ukame, siku ya Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani wanaimba, mimi nilijidai nina homa. Nikachukua jembe, nikabomoa ukingo wa mfereji, nikayageuza maji yaingie kwenye maharage yangu. Zamu haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kiondo, mwenye shamba la mwisho kule chini. Jioni alipanda hadi mlangoni kwangu. Hakunitukana. Alinishika mkono, akanimwagia vumbi kavu kiganjani, akasema, "Mama Elisante, pokea tope langu." Kisha akashuka zake.

Ninyi mliopewa mashamba mwaka huu hamwezi kuijua aibu ile mpaka mjue tope lilianzaje.

Zamani, babu zetu wakiwa bado hawajamjua Kristo, ingawa Yeye alikwisha kuwajua, Kwamrindi ilikuwa na nyumba saba tu. Chemchemi ya Mrindi ilitoka chini ya msitu, ikajaza ndiva, hili bwawa letu la kukusanyia maji, na mfereji ukashuka kupita mashamba saba. Hapakuwa na zamu. Mtu alifungua maji alipotaka, akasahau kuyafunga, na bado yakabaki ya vyura.

Wale saba wakazaa, na waliozaliwa wakazaa. Mtoto ni baraka, sipingi, mimi mwenyewe nimezaa tisa. Lakini Mungu alipoongeza watoto hakuongeza chemchemi. Nyumba zikawa ishirini, zikawa arobaini, zikafika sitini. Kila aliyeoa alipewa kipande chini ya mwenzake, mfereji ukarefuka, maji yakawa yale yale. Wa juu walimwagilia kwanza mpaka kunde zao zikaoza mizizi. Wa chini walipata matone. Mfereji ukivuja katikati, wa juu alisema, "Mimi nimeshapata. Anayeona ukavu akazibe mwenyewe."

Mlinzi wa ndiva wakati huo alikuwa Sengondo, na shamba lake ndilo lilikuwa la kwanza. Binti yake kitinda mimba, Namkunda, aliolewa hapo hapo kijijini, na nyumba yake ikawa ya mwisho kabisa. Misimu miwili migomba yake ilianguka kwa kiu. Msimu wa tatu akajifunga mtoto mgongoni, akachukua shoka, akapanda hadi juu ya chemchemi, ndani ya msitu unakoshuka ukungu. Akakata, akachoma, akapanda. Udongo ulikuwa na unyevu, kunde zikastawi. Wenzake wa chini walipoona, wakamfuata na mashoka yao.

Haikupita miaka mingi. Mvua zilishusha udongo mtupu ndani ya ndiva, na chemchemi ikapungua. Ilikuwa nene kama paja, ikawa kama mkono, ikawa kama kidole. Hapo ndipo shamba la Sengondo lenyewe lilipopasuka nyufa. Akashika fimbo yake, akapanda kwa hasira.

"Namkunda! Unakata titi lililokunyonyesha!"

"Baba, titi hilo mimi lilinikaukia zamani," alijibu, shoka mkononi. "Wanaonyonya ni waliolala karibu. Nipe maji kule chini, nitashuka leo hii. Usiponipa, niambie huyu mtoto nimlishe fimbo yako?"

Sengondo alikaa juu ya kisiki. Alikuwa mzee mwenye kiburi, lakini kusema "nimekosa" alijua, na huo ndio ukubwa wake. Akamwambia, "Shuka, mwanangu. Kesho hakuna atakayegusa maji mpaka shamba lako lilowe."

Wa juu walicheka sana. "Sengondo kazeeka! Anamnywesha ng'ombe kwa mkia!" Lakini asubuhi alifungua ndiva, akaamuru milango yote ya mashamba ifungwe. Maji yakateremka. Adhuhuri ikafika, hayajafika chini. Yalikuwa yakivuja kila kona. Ndipo wale wenye kucheka walipoelewa kwamba shamba la mwisho lisipolowa, zamu zao hazitakuja. Wakakimbia na majembe, wakaziba kwa udongo na maganda ya migomba, kila mmoja akihangaikia mfereji usiopita kwake. Alasiri maji yakaingia kwa Namkunda.

Wa juu wangejuaje kwamba zamu imefika? Namkunda alichota tope la shamba lake, akalifumbata, akapanda hadi kwa jirani wa juu yake, akaliweka mkononi mwake. "Nimelowa. Zamu yako." Jirani naye alipomaliza akachota la kwake, akapanda. Nyumba kwa nyumba, siku sita, mpaka tope likafika kiganjani mwa Sengondo. Naye, baada ya kumwagilia akiwa wa mwisho, akalichukua akazibia mdomo wa ndiva.

Watu wa chini wakateremsha mashoka, wakapanda miti mingine badala ya waliyokata. Ikakubaliwa kwamba nyumba mpya haipewi zamu mpaka ichote makapu ishirini ya tope kutoka ndani ya ndiva, ili bwawa likue kadiri watu wanavyokua. Sengondo hakuiona chemchemi ikijaa tena. Aliyeiona ni yule mtoto wa mgongoni.

Basi kuanzia msimu ule maji ya Kwamrindi huanzia mkiani, na tope hupanda mlima. Leo tuko nyumba mia na arobaini, na hakuna shoka linalopita juu ya chemchemi. Nimefika vijiji vyenye mito mikubwa kuliko mfereji wetu, nikakuta watu wanakatana mapanga. Nikarudi kwetu nimeinua kichwa. Sisi hatuna maji mengi, wanangu. Sisi ni watu wa kungoja wa mwisho anywe.

Kiondo alinisamehe, tukashiriki meza ya Bwana pamoja. Lakini tangu siku ya vumbi lile sijawahi kumpelekea mtu tope kwa mkono wa mwingine. Nimelipeleka mwenyewe, miaka thelathini na minne. Sasa magoti yamekataa.

Kesho tope litafika kwangu. Naombeni mmoja wenu aje anipandishie.