Kivuli cha Mwewe

Kivuli cha mwewe huingia hata yaini. Mmeisikia, mkacheka, mkauliza mwewe hupenya wapi ilhali yai halina mlango. Haya, kaeni kwa adabu zote mlizo nazo, hata kama ni chache. Methali hii ilianza hivi.

Bi Sikitu alifiwa na binti yake wa pekee, Nzali. Marehemu hakuacha mtoto. Aliacha kuku mmoja mwenye kishungi, aliyemlea tangu kifaranga. Bi Sikitu akaapa kuwa mbegu ile haitapotea. Kwa hofu kuku asije akatangatanga, alimfunga kamba mguuni, akachomeka kigingi katikati ya uwanja, pale ambapo angemwona kila saa.

Mwewe naye akamwona. Kila mchana alizunguka juu. Kuku akikimbia, kamba inamrudisha. Bi Sikitu hutoka akigonga sufuria, mwewe akaenda zake, kesho akarudi. Katika mahangaiko hayo kuku alitaga mayai tisa, kisha akafa.

Bi Sikitu akayapeleka kwa jirani yake, Mkumbo, kuku wake ayaatamie pamoja na ya kwake.

"Ondoa shaka, mama," alisema Mkumbo. "Kuku wangu haogopi kitu. Hata mke wangu hamwogopi, na mimi mwenyewe sijafika huko."

Yote tisa yalianguliwa. Lakini vifaranga wale, jani tu likipeperuka, walijilaza chini kama waliopigwa. Wa Mkumbo walidonoa wakanenepa. Wao walijibanza na njaa yao, wakafa mmoja mmoja, hadi akabaki mmoja.

"Kuku wako amewatisha!" Bi Sikitu alilia.

"Mama, kuku wangu ndiye huyuhuyu aliyewalea na hawa wengine. Na hawa wako hawajamwona mwewe hata siku moja." Mzaha ulikuwa umemwisha Mkumbo. "Aliyemwona ni mama yao."

Bi Sikitu akainama, mtama kiganjani. Kivuli cha mkono wake kilipomfikia, kifaranga alijilaza, akafumba macho.

"Nilimfunga nisimpoteze," akasema polepole.

Akarudi kwake na kifaranga kikapuni, akang'oa kigingi. Tangu siku hiyo alimwaga mtama uani, akaingia ndani na kufunga mlango, ili kifaranga ale. Kifaranga yule wa mwisho wa mbegu ya Nzali, Bi Sikitu hakumshika tena kamwe. Watu wakimuuliza mbona anamkimbia kuku wake mwenyewe, alijibu nyuma ya mlango:

"Kivuli cha mwewe huingia hata yaini."