Fisi, Kocha wa Chipukizi

Ukame mkali uliingia nchi ya Tambarare. Mito ilikatika, madimbwi yakageuka vumbi, likabaki bwawa moja tu chini ya Mlima. Wanyama wa Tambarare walilitaka, na Nyani wa Mlimani nao walilitaka. Ili wasiumane, walikubaliana kila mwaka wacheze rungu: mmoja anarusha mpira wa ngozi, mwenzake anaupiga kwa rungu, kisha anatimua mbio kuzunguka vichuguu kabla mpira haujarudishwa. Timu iliyoshinda ilikunywa asubuhi, maji yakiwa safi. Iliyoshindwa ilikunywa jioni, yaani ilikunywa tope.

Tambarare walikuwa wamekunywa tope tangu mchezo uanze.

Kilichowauma zaidi ni sheria ya usajili. Kila mwaka watoto waliofikia umri wa kucheza, wa pande zote, walipangwa mstari, na timu zikawachagua kwa zamu. Ili kuwe na usawa, timu iliyoshindwa ndiyo iliyochagua kwanza. Kwa hiyo Tambarare walitangulia kuchagua kila mwaka, wakawapata wale waliotamaniwa na wote, na bado wakachapwa.

"Usajili ndio mbovu!" alifoka Ngiri, shabiki ambaye hakuweza kubishana bila kuchimba ardhi kwa meno yake. "Mwaka juzi tulimwacha Kicheche, anayedaka hata nzi, tukamchukua mtoto wa Kiboko. Kiboko akimbilie wapi?"

"Mtoto wa Kiboko alikuwa moto!" alijibu Bi Kanga. "Niliona kwa macho yangu akipiga mpira mpaka ukapotea. Aliingia kambi ya mazoezi mnene, akatoka mifupa mitupu. Usajili hauna kosa. Malezi ndiyo mabovu!"

"Kweli kabisa," alisema Nyumbu.

"Unamkubalia nani?" waliuliza wote wawili.

"Nyote."

Simba, mfalme wa Tambarare, alisikia kelele akaja akitikisa manyoya yake. "Nani anasema usajili mbovu? Chipukizi nawachagua mimi."

Ngiri aliacha kuchimba. "Sijasema hivyo, Mfalme. Huyu Bi Kanga ndiye anayesema malezi ni mabovu."

"Na kocha wa chipukizi nilimteua mimi."

"Basi labda ni jua," alisema Nyumbu, na wote wakaafiki kwamba ni jua.

Kocha mwenyewe alikuwa Fisi. Alikuja nyuma ya Simba taratibu, kwa sababu tumbo lake lilikuwa likiburutika chini. "Tatizo ni vijana wa siku hizi," alisema akijipapasa kitambi. "Hawana njaa ya ushindi."

Pembeni alikaa Sungura, amechoshwa na tope. Alisubiri Simba na Fisi waondoke, kisha akauliza, "Wale tuliowatimua kambini kwamba hawafai, wako wapi sasa?"

"Mtoto wa Pofu anachezea Mlimani," alisema Bi Kanga. "Ndiye aliyetumaliza mwaka jana."

"Kwa hiyo kwetu hawezi, kwa Nyani anaweza. Huko kambini kuna nini?"

Hakuna aliyejua. Fisi alikuwa amepiga marufuku wageni, eti wasiibe mbinu. Sungura hakuuliza zaidi. Alijiambia moyoni, "Nikizuiwa kuingia kama mgeni, nitaingia kama mchezaji."

Siku ya usajili alijifunga miiba miwili mirefu kichwani kwa ukindu, akajipaka udongo mwekundu, akasimama mstarini kwa vidole vya miguu. "Naitwa Swala Kibete," alisema kwa sauti nzito. "Natoka ng'ambo."

Mashabiki walipagawa.

"Mcheki mapaja!" alipiga kelele Ngiri. "Huyu nimemfuatilia tangu yuko mdogo!"

"Na masikio je?" alisema Bi Kanga. "Huyu atasikia mpira kabla haujarushwa!"

"Anafanana na Sungura," alisema Nyumbu.

"Nyamaza, hujui mchezo wewe!"

"Kweli, hafanani," alisema Nyumbu.

Simba alimkodolea macho. Hakuwahi kusikia swala wa namna hiyo, lakini mfalme hawezi kuuliza. "Namjua sana," alinguruma. "Huyu ni wangu."

Hivyo Sungura akaingia kambini pamoja na mtoto wa Pundamilia, mtoto wa Nguchiro na wenzao. Kila asubuhi mashabiki walileta vikapu vya chakula hadi langoni: viazi, karanga, asali, hata nyama kwa wanaokula nyama. Fisi aliviingiza ndani mwenyewe.

"Kwanza kocha anapima kama kuna sumu," alisema. Aliinamia kikapu akapima. Akapima tena. Alipoinua kichwa, masharubu yalikuwa yakidondosha asali. "Hakuna sumu," alisema. "Na chakula pia hakuna."

Kisha yakaanza mazoezi. Kumkuna Fisi mgongo kuliitwa kulainisha kiwiko. Kumfukuzia nzi akiwa amelala kuliitwa kudaka.

"Kocha, na rungu tutashika lini?" aliuliza mtoto wa Pundamilia, ambaye mistari yake ilikuwa imesogeleana kwa kukonda.

"Mkishanenepa," alijibu Fisi, akasinzia.

Sungura alitamani kukimbilia kwa Simba papo hapo. Lakini alimjua. Simba angesema hajawahi kumteua mwizi, na mambo yangeishia hapo. Ilibidi Fisi aumbuke mwenyewe, tena mbele ya umati. Basi ilipokaribia siku ya kuwaonyesha chipukizi kwa mashabiki, Sungura alichomoa pande la mafuta ya nundu chini ya kitanda cha Fisi, akausugua mpira wa ngozi mpaka ukang'aa.

Siku hiyo Tambarare nzima ilijaa uwanjani. Simba alikaa juu ya mwamba. Twiga, mwamuzi, alisimama katikati. Sungura, na miiba yake kichwani, alishika rungu, na Fisi akauchukua mpira ili amrushie.

Pua ya Fisi ilicheza. Aliunusa mpira, akatazama kushoto na kulia. "Kocha lazima aukague mpira," alisema, akaulamba.

"Rusha!" alipiga kelele Ngiri.

Akaulamba tena, safari hii akiwa amefumba macho. Mate yalimtoka. Mara ikasikika sauti moja tu ya kumeza: gluk!

"Kocha," aliita Simba, "mpira uko wapi?"

"Nimesharusha, Mfalme," alisema Fisi. "Una kasi hiyo! Macho ya kawaida hayauoni."

"Mimi nimeuona!" alisema Nyumbu.

Simba alikohoa. "Hata mimi nimeuona, bila shaka."

"Basi nami nimeshaupiga!" alisema Sungura, akabwaga rungu, akaanza kukimbia kuzunguka vichuguu. "Urudishe, Kocha, kabla sijafika!"

Fisi hakujua aelekee wapi. Twiga aliinamisha shingo yake ndefu hadi usoni pake. "Mbona una uvimbe kooni?"

"Ni fundo la huzuni," alisema Fisi, akashikwa na kwikwi.

Kifaru, ambaye ana roho nzuri lakini hajui nguvu zake, alimsogelea. "Pole sana, ndugu yangu. Ngoja nikupige mgongoni kidogo."

Alimpiga. Mpira ulichomoka. Ukafuata kibuyu cha asali, halafu kata ya kuchotea uji. Mwisho, kwa shida, kikatoka kikapu kizima chenye mishikio ya rangi ya samawati.

"Kikapu changu!" alilia Bi Kanga. "Nilikileta na viazi vya watoto! Ukaniambia kimechukuliwa na upepo!"

"Ni kweli, Bi Kanga," alisema Fisi kwa sauti ndogo. "Upepo wa tumboni."

Hapo chipukizi wakapata ujasiri. Walisimulia habari za kupima sumu na kukuna mgongo, na mashabiki walipotazama mbavu zao hawakuhitaji ushahidi mwingine. Sungura alivua miiba. Bi Kanga alipiga ukelele. Ngiri alidai alikuwa anajua tangu mwanzo.

Simba alinuna, hakutaka kukiri kosa. Sungura alimwinamia. "Mfalme, sasa imedhihirika kwamba jicho lako la usajili halina dosari. Uliwachagua vijana hodari. Kuna aliyewalia chakula chao."

"Ndivyo nilivyosema siku zote," alisema Simba, na kwa mngurumo mmoja akamfukuza Fisi nchini.

Bi Kanga akapewa kambi. Watoto walikula wakashiba, wakashika rungu kutwa nzima. Siku ya mchezo na Nyani, mtoto wa Pundamilia aliupiga mpira ukavuka bwawa, naye akazunguka vichuguu vyote huku mashabiki wakilia kwa furaha. Kesho yake asubuhi Ngiri aliinama kunywa. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba aliona sura yake, akaomba radhi akidhani kuna mtu ametangulia.

Fisi naye alipanda Mlimani kuomba kazi. Mkuu wa Nyani alimkaribisha mkekani, akamsikiliza kwa adabu akijisifu juu ya uzoefu wake wa miaka mingi.

"Vizuri," alisema Nyani. "Sisi hatutaki maneno mengi. Tutajie mmoja tu uliyempokea akiwa mdogo, ukamlea mwenyewe, akakua."

Fisi alifikiri, akafikiri sana. Hatimaye akatazama chini.

"Hili tumbo," alisema.