Aliyepita Mwisho

Mwanamke mmoja wa Taita alikuwa na kaka, kifungua mimba wa mama yao, ambaye tangu utotoni hakuwahi kufunga mlango nyuma yake. Kaka aliitwa Mwakio, na dada Mkawasi. Mwakio akitoka jikoni, kuku waliingia ungani. Akitoka zizini, ndama alimfuata mamaye na jioni hapakuwa na maziwa. Mama hakumkemea. Alisema tu, "Mkawasi, hebu kafunge," naye Mkawasi akaenda akafunga. Walipokuwa watu wazima mambo yalibadilika sura, si tabia. Mwakio alipoposa kisha akaghairi, Mkawasi ndiye aliyetumwa kwenda kuwaangukia wakwe. Mwakio alipogombanisha wanakwaya akahamia kanisa jingine, Mkawasi ndiye aliyebaki kuwapatanisha.

Baadaye Mkawasi alikwenda Uingereza, akapata kazi ya kuwatunza wazee katika kijiji cha kale chenye nyumba za mawe ya manjano. Miaka ikapita. Siku yake ya mapumziko, hata wakati wa baridi kali, alipenda kutembea: kutoka kanisani, kuvuka daraja la mawe, kupanda kilima kwa njia ya miguu inayokatiza malisho ya Bwana Tuckwell, mfugaji wa kondoo. Njia ile ni haki ya kila mtu kuipita, lakini kila lango lilikuwa na kibao: Tafadhali funga. Bwana Tuckwell na Mkawasi walikuwa wanajuana vizuri, kwa maana mama mzee wa bwana huyo alifia mikononi mwa Mkawasi, akiwa ameoshwa na kulishwa.

Januari moja Mwakio akaja kumtembelea. Mkawasi alifurahi mno. Alikuwa ametamani miaka yote mtu wa damu yake aone mahali anapoishi, ili siku moja akisimulia nyumbani awepo wa kusema, "Ni kweli, nilifika." Akamnunulia mabuti ya mpira kwa ajili ya tope. Mwakio aliyatazama, akasema mabuti ni ya wakamua ng'ombe, akatoka na viatu vyake vya ngozi vinavyong'aa.

Kanisani aliuliza kwa nini mawe ya makaburi yameachwa yainame kama walevi. Darajani aliuliza ni nani aliyejenga kitu chembamba namna ile. Alipoona nyumba iliyoezekwa kwa nyasi akasimama, akacheka hadi mvuke ukamtoka kinywani. "Kumbe nao wanaezeka nyasi! Sasa walikuwa wakitucheka nini?" Mkawasi akacheka naye, maana hilo lilikuwa neno. Kisha wakafika kwenye lango la kwanza.

Mwakio alichomoa komeo, akalisukuma lango kwa goti, mikono ikiwa imerudi mifukoni, akapita akiendelea kuzungumza.

"Kaka, lango," akasema Mkawasi.

"Nimeliona," akajibu Mwakio, akaendelea na safari.

Mkawasi akarudi, akafunga. Komeo lilikuwa limeganda, likamchoma vidole kama moto. Kwenye lango la pili alimwambia tena, akamwonyesha na kibao. Mwakio alikisoma kwa sauti, akasema, "Kwani wewe si uko nyuma?" Akapita. Kilimani, mahali ambapo bonde zima lilionekana likiwa jeupe kwa umande ulioganda juu ya majani, moshi wa kuni ukipanda kutoka kwenye mabomba ya nyumba, Mkawasi alitaka kumwambia jambo moja: kwamba hapa ndipo alipokuwa akija kulia mwaka ule wa kwanza. Alipogeuka, Mwakio alikuwa ameshaanza kuteremka, akilalamikia viatu vyake, na lango la juu lilikuwa linacheza kwa upepo. Mkawasi akalifunga.

Lango la mwisho lilikuwa chini, karibu na barabara na bwawa. Kondoo wa Bwana Tuckwell, majike wenye mimba nzito, walikuwa wamejibanza kwenye ua wa malisho wakikwepa upepo. Mwakio akapita. Mkawasi akapita nyuma yake, akaweka mkono juu ya lango, akasimama. Kaka yake akaita bila kugeuka, "Fanya haraka, baridi inaniua!" Hapo moyo wake ukachoka. Wakamjia kuku, ndama, wakwe na wanakwaya, wote kwa pamoja. Akasema moyoni, "Hili ni lake. Likibaki wazi, na libaki." Akatia mikono mifukoni, akaenda zake, na kwa mara ya kwanza akaonja jinsi ilivyo tamu kutogeuka nyuma.

Walikuwa nyumbani wakinywa chai waliposikia honi za magari na kelele. Wakatoka mbio. Kondoo walikuwa wametapakaa barabarani. Mmoja alikuwa ameingia bwawani juu ya barafu nyembamba, ikapasuka. Bwana Tuckwell alikuwa ndani ya maji hadi kifuani akimvuta. Mkawasi alikimbia hadi bwawani. Aliingia na nguo zake, akamshika kondoo upande wa pili, wakavuta pamoja. Mwakio alisimama ukingoni, mbali kidogo na tope. Walipomfikisha kondoo nchi kavu alikuwa amekwisha kufa, na wanawe tumboni mwake.

Bwana Tuckwell alikaa chini akitweta. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Nani alipita mwisho langoni?"

Mwakio alijibu upesi, "Mimi nilitangulia."

Na ilikuwa kweli. Mkawasi alikuwa na maneno ya kutosha kujaza usiku mzima, kuanzia kuku hadi siku ile. Akamtazama kondoo, yakamkauka kinywani. "Ni mimi, Bwana Tuckwell," akasema. "Nililiona liko wazi, nikaliacha." Mzee akamtazama kama mtu asiyeamini. Kisha akainuka, maji yakimchuruzika, akaenda kulifunga lango mwenyewe.

Njiani kurudi, Mkawasi alitetemeka kwa baridi. Mwakio alimvisha koti lake, kwa maana hakuwa mtu mbaya, akamwambia kwa upole, "Ungefunga tu, Mkawasi. Wewe si umezoea?"

Nawauliza ninyi mnaonisikia, mliotangulia na mliofuata nyuma: lango lile lilikuwa la nani kulifunga?