Utando Uliong'aa

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni kikasha kilichorembwa kwa rangi. Rangi ikilowa, kinabaki kipande cha mti. Maana hiyo kila mwanafunzi anaijua. Kinachochosha ni kwamba aliyesoma zaidi ndiye mgumu zaidi wa kusikia.

Binti mmoja, mtafiti chipukizi, alitumia miaka mitatu kutengeneza utando wa kuchujia maji machafu. Ulikuwa wa kijivu, umejikunja kama ganda la kitunguu, na ulikaa siku zote ndani ya kopo la maji. Ikatangazwa nafasi moja ya utafiti kwa wanasayansi wasiozidi miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa ameshaitimiza. Mwaka uliofuata asingeruhusiwa hata kuomba.

"Mwanangu, usiukaushe," fundi wa maabara alimwambia. "Vitundu vyake vikikauka vinaziba, na vikiziba ndiyo basi tena."

"Nimesikia, mzee."

Kusikia gani huko? Siku mbili kabla ya usaili aliutoa majini, akauweka mbele ya feni, kisha akaubana kati ya vioo viwili hadi ukanyooka na kung'aa.

"Siwezi kuwapelekea majaji kitu kilichokunjamana," alijitetea.

Fundi alishika kichwa. "Majaji wanataka maji safi, mama. Hawatafuti mchumba."

Siku ilipofika, majaji waliupitisha utando mkono kwa mkono wakiusifu. Kisha mwenyekiti wao akautoa kwenye vioo, akautega juu ya chujio na kuumwagia maji ya matope. Wakangoja. Maji yalitulia pale juu kama mgeni asiyejua kuaga. Dakika kumi zikapita, hata tone halikushuka.

Fundi, aliyekuja kubeba vyombo tu, uvumilivu ulimwisha. Alitoa mfukoni kichupa cha maji chenye kipande alichokikata pembeni mwa utando uleule kabla haujakaushwa. Akakitega kwenye chujio dogo, akamimina matope. Tone angavu likadondoka, likafuata jingine.

Mwenyekiti alilitazama, kisha akatazama saa. "Muda wenu umekwisha. Huu ndio mliopaswa kutuletea," akasema, akamwita mwombaji mwingine.

Nje, kwenye korido, binti alikuwa analia.

"Nilikuambia mara ngapi?" fundi akauliza.

"Mara tatu."

"Nne," akasema, akampa leso yake.

Utando ule ungali maabara, katikati ya vioo vyake. Unang'aa kwelikweli, na haumfai mtu. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.