Gerolt Bega-la-Mwaloni na Ukumbi Uliojengwa Hewani

Kabla Lautenbruk haijawa na kengele wala muhuri, kabla hata haijaitwa mji, katika siku za mababu wa mababu zetu, aliishi hapa Gerolt Bega-la-Mwaloni, mwana wa Hadwin Mchonga Milango, mwana wa Volkmar aliyefyeka msitu huu kwa shoka moja na mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikwisha kuliwa na baridi. Gerolt alikuwa seremala. Boriti ambayo wanaume sita waliizunguka wakikuna vichwa, yeye aliinama, akaiweka begani kama mtu abebaye mtoto aliyelala, akaenda zake.

Wakati huo watu wote walikuwa mali ya Bwana Sigbert wa Ngome ya Juu, na walipomwomba uhuru aliwajibu hivi: "Kaya zenu ni arobaini. Siku wakuu wa kaya zote arobaini watakapoketi pamoja chini ya paa lao wenyewe, juu ya ardhi nitakayowapa mimi, wakaapa mbele ya karani wangu, mtakuwa huru. Akikosekana mmoja, au akishuka mmoja kabla kiapo hakijaisha, mtabaki wangu, ninyi na watoto wenu." Kisha akawapimia ardhi sokoni, hatua nne kwa hatua nne, mahali pa kumfungia farasi mmoja, akapanda ngomeni akicheka.

Irmela hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mumewe alikuwa ameangukiwa na jiwe machimboni, na sheria ya ngome ilisema mtoto wa kiume asiye na baba akishaachishwa ziwa hupelekwa juu kutumika, wala harudi. Mwanawe Anselm alikuwa na miezi mitano. Basi Irmela alihesabu miezi, akahesabu tena, kila alipomnyonyesha alihesabu, na kwa kuwa mumewe hayupo, mkuu wa kaya ya arobaini alikuwa ni yeye mwenyewe, yeye ambaye hata ngazi ya darini kwenye nyasi kavu ilimtisha.

Gerolt alisimama katikati ya kile kiwanja, akatazama juu. "Ardhi ni ya Bwana," alisema. "Hewa hakuipima."

Akajenga. Chini aliweka kuta za mawe, hatua nne kwa nne, kama ilivyoamriwa. Juu yake akalaza boriti za mwaloni ndefu kupita kuta, zikatokeza hatua moja kila upande, akasimamisha ghorofa. Na juu ya ghorofa hiyo akatokeza tena hatua moja, akasimamisha nyingine, hata nyumba ikawa kama uyoga, nyembamba chini, pana juu. Chuma chote kilikuwa cha Bwana, kwa hiyo hakutumia msumari hata mmoja. Aliunga mbao kwa vigingi vya mwaloni, akajaza kuta kwa fito zilizosukwa, udongo na majani makavu, akaifunika kwa paa la mteremko mkali lisilaliwe na theluji. Chini ya kila kona aliweka mkono wa mbao wa kuibeba.

Siku ya kiapo aliwaambia neno moja tu: "Msikae kwa cheo. Kaeni kwa uzito, mnene kando ya mwembamba, pande zote sawa."

Wakapanda. Kwa kaya ya Gerolt alipanda baba yake Hadwin, yeye mwenyewe akabaki chini na mafundi. Irmela alipanda macho kafumba, Anselm kamfunga kifuani kwa shali, akahesabu vipandio thelathini na viwili. Na wale wenye mali na cheo miongoni mwao walifanya nini? Wakakaa madirishani upande wa soko, wote, na viti vyao vya kuchonga, ili umati uwaone. Humbert, tajiri wa sufu, ndiye aliyekaa konani kabisa.

Karani alikuwa hajafika nusu ya kiapo sakafu ilipolia. Mkono wa mbao wa kona ile ulipasuka, nyumba ikainama upande wa soko, na watu waliokuwa chini wakamwona Gerolt akitupa patasi, akiingiza bega lake chini ya boriti, akisimama.

"Msishuke!" sauti yake ilipanda kupitia mbao. "Hameni viti!"

"Nikakae na wakata kuni?" Humbert alisema, akishika kiti chake. "Si afadhali tushuke tu?"

Karani alinyanyua kalamu, akangoja. Hapo Irmela aliinuka, maneno yakimtoka yote kwa pamoja: "Mzee Humbert, toka hapo, toka nakuomba, mtu yuko chini amekubeba, kakubeba wewe na kiti chako na chakula chako cha mchana, ukishuka mwanangu amekwenda, sikia, amekwenda, na wako pia! Shika kiti changu hiki, kipo katikati, kina joto!"

Mtu mmoja akacheka. Humbert akawa mwekundu, akainuka. Wengine wakamfuata, mnene kando ya mwembamba, na Irmela akaenda kukaa konani pale, dirishani, soko likiwa mbali chini yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Sakafu ikatulia. Karani akasoma hadi mwisho, akahesabu: arobaini. Akapiga muhuri.

Waliposhuka, mafundi walikuwa wamekwisha kugongomea mkono mpya wa mbao kwa vigingi. Gerolt alikuwa ameketi akiegemea ukuta wa mawe, bega lake limeshuka mahali bega lisipopaswa kufika, na hakuitikia alipoitwa. Walimzika pale pale, chini ya sakafu ya mawe.

Nyumba haikunyooshwa, inainama upande wa soko kwa upana wa kiganja. Na tangu siku ile diwani wa Lautenbruk, hata awe meya, hupimwa kwanza kwenye mizani ya nafaka, kisha huelekezwa kiti chake humo ukumbini.

Anselm mwana wa Irmela aliishi miaka sabini na miwili, akasuka vikapu, akazaa watoto saba, na ngomeni hakukanyaga hata siku moja.